8 Aprili kwenye besiboli: Hank Aaron, Frank Robinson na bosi aliyeropoka kwenye TV

#1 Rungu la Mkwaju (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Humu jukwaa la michezo tumeshiba Simba na Yanga, leo nivumilieni niwapeleke Marekani kwenye besiboli. Kuna tarehe moja, 8 Aprili, ukiifuata mwaka baada ya mwaka unakuta kisa kimoja kinaendelea. Wale wa "siku kama ya leo" huwa wanamwaga rekodi moja chini ya nyingine, basi. Mimi naisoma hivi: Wamarekani walikubali mapema kiasi kwamba mtu mweusi anaweza kuuchapa mpira. Kukubali kwamba anaweza kuongoza wenzake ndiko kulikowashinda, na mvutano huo umeangukia tarehe hii hii zaidi ya mara moja.

Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji anarusha, mpigaji anachapa kwa gongo, anakimbia kupitia besi tatu mpaka arudi pale alipoanzia. Akiuchapa ukavuka ukuta wa uwanja ni hom rani, anazunguka kwa raha zake na hakuna wa kumgusa. Hayo yanakutosha kwa uzi huu.

Twende 1974. Babe Ruth, mzungu, kipenzi cha Marekani nzima, aliacha hom rani 714 alipostaafu 1935. Rekodi ikakaa karibu miaka arobaini. Hank Aaron, mtoto wa Mobile, Alabama, aliyeanzia Indianapolis Clowns kwenye ligi za weusi mwaka 1952, akamaliza msimu wa 1973 akiwa na 713. Moja tu nyuma. Hebu pigeni picha: msimu umeisha, na huyo mtu anatakiwa asubiri miezi sita mpaka ligi irudi, huku akiombea awe hai.

Timu yake, Atlanta Braves, ilianza msimu ugenini Cincinnati tarehe 4 Aprili. Uongozi ulitaka kumpumzisha ili rekodi ivunjwe nyumbani, tiketi ziuzwe. Kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, akagoma, akaagiza acheze angalau mechi mbili kati ya tatu. Aaron naye alikuwa na ombi lake: tarehe 4 Aprili ni siku aliyouawa Martin Luther King, basi kabla ya mechi watu wasimame kimya kidogo. Akakataliwa. Akaingia uwanjani, na gongo lake la kwanza kabisa la msimu likawa hom rani ya 714.

Halafu Jumatatu usiku, 8 Aprili, Atlanta. Watu 53,775 uwanjani, NBC wanarusha nchi nzima, wapinzani ni Los Angeles Dodgers. Mrushaji wao ni Al Downing, naye mweusi, na amevaa jezi namba 44 kama Aaron. Iningi ya pili (iningi ni awamu ambayo kila timu inapata zamu yake ya kupiga) Downing hampi mpira wa maana, Aaron anatembezwa hadi besi ya kwanza bila kuzungusha gongo, baadaye anafunga na kumpita Willie Mays kwa pointi alizofunga mchezaji mmoja katika National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu (nyingine ni American League). Rekodi kubwa tu, lakini usiku ule hakuna aliyekuwa na habari nayo.

Iningi ya nne, saa tatu na dakika saba usiku. Mpira wa kwanza unapiga chini. Wa pili Aaron anauzungushia gongo, na hilo ndilo gongo lake la kwanza kwa usiku mzima. Bill Buckner wa Dodgers anaukwea ukuta akijaribu kuudaka, wapi. Mpira unatua kule wanakopashia misuli warushaji wa akiba wa Braves, anaudaka Tom House, anatoka mbio nao mkononi kumpelekea mwenyewe.

Sasa sehemu ambayo mimi kila nikiitazama mwili unanisisimka. Aaron anazunguka, na kati ya besi ya pili na ya tatu wanatokea vijana wawili wa kizungu, wa miaka 17, wameruka kutoka jukwaani wanamkimbilia. Wanampigapiga mgongoni kumpongeza, wanaondoka. Leo inaonekana picha nzuri ya furaha. Lakini jukwaani alikuwepo Calvin Wardlaw, polisi wa Atlanta aliyepewa kazi ya kumlinda Aaron, ana bastola ndani ya mkoba wa darubini. Aliwaona wale vijana. Ndani ya sekunde chache ilibidi aamue atoe bastola au asitoe. Hakutoa.

Aaron alipofika besi ya nyumbani, pale alipoanzia, mama yake, Estella, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mwenyewe alikuja kusema hakujua mama yake ana mikono ya namna ile. Akapewa kipaza sauti. Alichosema ni kumshukuru Mungu kwamba yamekwisha.

Naendelea baadaye, nisiwachoshe.

#2 Kipusa77

Naweka kambi hapa. Ila mkuu hapo kwenye kuombea awe hai umepita haraka. Nani alitaka kumuua mtu kwa kuchapa mpira?

#3 Rungu la Mkwaju

@Kipusa77 swali zuri. Mwaka 1973 peke yake alipokea barua kama 930,000. Nyingi zilikuwa za heri, hasa baada ya magazeti kuandika anayopitia, lakini zile nyingine zilikuwa matusi ya rangi na vitisho vya kumpiga risasi akiwa uwanjani. Binti yake alikuwa anasoma chuo kikuu cha Fisk, Nashville, nako vikaja vitisho vya kumteka. Aaron akawa hakai tena na wenzake hotelini. Hizo barua alizihifadhi, hakuzichoma, ili zimkumbushe.

Na usifikiri Atlanta yenyewe ilikuwa imesimama nyuma yake. Septemba 1973 alipiga ya 711 kwao nyumbani mbele ya watazamaji 1,362. Uwanja wa watu zaidi ya elfu hamsini! Hata Ndondo Cup ya mtaani kwetu inajaza kuliko hapo.

Kingine: kamishna Kuhn, yule aliyemlazimisha acheze Cincinnati, usiku wa 715 hakuja. Alikuwa na hafla Cleveland. Akamtuma Monte Irvin, gwiji wa zamani wa ligi za weusi, amwakilishe, na Irvin alipolitaja jina la bosi wake uwanja mzima ukazomea.

#4 Babu Ndevu

Mimi besiboli siiwezi. Masaa matatu watu wamesimama wanatemeana mate. Lakini simulizi nimeielewa. Swali: watangazaji walilichukuliaje? Maana mwaka 74 bado mbichi kabisa.

#5 Mgeni Houston

Babu Ndevu, ngoja nidakie, mimi niko huku miaka mingi. Mtangazaji wa Dodgers, Vin Scully, mpira ulipovuka ukuta alinyamaza, akauacha umati useme. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo yanarudiwa kila Aprili: kwamba mtu mweusi anashangiliwa na watu waliosimama, tena kusini kabisa mwa Marekani, kwa kuvunja rekodi ya mtu aliyekuwa anaabudiwa na wapenzi wote wa besiboli. Mtangazaji wa timu pinzani huyo. Alikuwa hana sababu ya kusema lakini akasema.

Naongeza kitu kidogo. Aliyekuwa anasubiri zamu ya kupiga baada ya Aaron pale anaitwa Dusty Baker, kijana wa miaka 24. Aaron alimuahidi mama wa Dusty kwamba atamwangalia mwanawe kama wake. Huyo Dusty ndiye aliyekuja kuwa kocha wetu huku Houston na kubeba ubingwa wa 2022. Nitarudi kwake, mleta uzi endelea.

#6 Rungu la Mkwaju

Nashukuru @Mgeni Houston, umenipunguzia kazi.

Haya, 8 Aprili 1975. Mwaka mmoja kamili baadaye, Cleveland, ile ile aliyokwenda Kuhn kula hafla.

Kwenye besiboli anayeitwa meneja ndiye kocha mkuu: anapanga kikosi, anamtoa mrushaji aliyechoka, anagombana na mwamuzi. Jackie Robinson alivunja ukuta wa wachezaji weusi tarehe 15 Aprili 1947. Zikapita 48, 50, 60, 70, wachezaji weusi wakabeba kila tuzo, na meneja mweusi kwenye ligi kuu hakuna hata mmoja. Oktoba 1972 Jackie alialikwa kwenye fainali kule Cincinnati kupewa heshima. Nywele nyeupe, macho yamekwisha kwa kisukari. Badala ya kushukuru na kukaa akawaambia mbele ya kamera kwamba atafurahi zaidi siku atakapotazama upande wa besi ya tatu akaona uso mweusi unaongoza timu. Siku tisa baadaye akafariki.

Cleveland wakamteua Frank Robinson Oktoba 1974. Si ndugu wa Jackie, majina tu. Huyu Frank ni mtu wa kwanza kuchukua tuzo ya mchezaji bora wa National League (1961, akiwa Cincinnati) na ya American League (1966, akiwa Baltimore). Wakampa umeneja huku bado anacheza. Yaani anapanga kikosi, halafu anajipanga na yeye.

Siku ya ufunguzi baridi kali, watu zaidi ya 56,000, wapinzani New York Yankees. Mjane wa Jackie, Rachel Robinson, ndiye aliyerusha mpira wa heshima. Frank kajiweka wa pili kwenye orodha ya wapigaji. Anaingia iningi ya kwanza dhidi ya Doc Medich, straiki mbili zinampita upesi, bado moja atolewe. Anaanza kuikata mipira pembeni, nje, nje tena, anamchosha mrushaji. Kisha akauona mmoja ulionyooka. Kwaheri. Hom rani, zamu yake ya kwanza kama meneja. Cleveland wakashinda 5-3.

Ungekuwa mwandishi ukaandika hivyo kwenye hadithi ya kubuni, mhariri angekurudishia.

#7 Mtaa wa Pili Nairobi

Sawa boss, hadithi imeingia. Lakini kwa kichwa cha uzi umesema kuna bosi aliropoka. Huyo ni nani? Usituwekee suspensi ya kufungia watu roho hapa.

#8 Rungu la Mkwaju

@Mtaa wa Pili Nairobi haya, 1987.

Dodgers wakati huo walikuwa na meneja mkuu anaitwa Al Campanis. Meneja mkuu ni yule wa ofisini, anayenunua na kuuza wachezaji. Tarehe 6 Aprili 1987 kipindi cha Nightline cha ABC kilikuwa kinaadhimisha miaka 40 tangu Jackie aanze. Wakamuita Campanis kwa sababu alicheza na Jackie Montreal mwaka 1946, ni rafiki yake wa kweli. Timu iko Houston, mzee kakalishwa peke yake mbele ya kamera uwanjani.

Mtangazaji Ted Koppel akamuuliza swali jepesi: mbona hakuna mameneja weusi, hakuna mameneja wakuu weusi? Campanis akajibu kwamba pengine hawana baadhi ya vitu vinavyohitajika kuwa meneja, au hata meneja mkuu. Koppel kashtuka, akampa nafasi ya kujirekebisha. Mzee badala ya kutoka shimoni akaendelea kuchimba, akaingia mpaka kwenye kuogelea, eti weusi hawaelei vizuri majini.

Nchi ikawaka moto. Siku mbili baadaye, tarehe ngapi? 8 Aprili. Campanis akajiuzulu.

Na ndiyo maana siziangalii hizi tarehe kama bahati tu ya kalenda. Campanis alikuwa bosi wa Dodgers hao hao waliopigwa hom rani ya 715 mwaka 1974. Usiku ule timu yake iliona kwa macho mtu mweusi akifanya lisilowezekana, na yeye bado alikuwa na imani hiyo kichwani miaka kumi na tatu baadaye. Swali la Koppel lilikuwa na mantiki: tangu Frank alipoanza 1975, mameneja weusi wa ligi kuu walikuwa watatu tu, yeye, Larry Doby na Maury Wills, na Aprili 1987 kati ya timu 26 hapakuwa na hata mmoja.

#9 mwana_tanga

Tusimsulubu sana. Huyo huyo Campanis ndiye aliyemsajili Roberto Clemente alipokuwa kinda, Mpuerto Rico mweusi, mmoja wa wachezaji wakubwa kuwahi kutokea. Alicheza na Jackie wakati wazungu wengine hawataki hata kukaa naye chumba kimoja. Mimi naona alisema hadharani walichokuwa wanafikiri wenzake wote kwenye zile ofisi. Wao wakanyamaza, wakabaki na kazi.

#10 Kipusa77

@mwana_tanga lakini hiyo si ndiyo mbaya zaidi? Anampenda mweusi akiwa anachapa mpira, akitaka kiti cha ofisi anamwambia huna sifa. Mabosi wa hivyo tunawajua. Anakusifia miaka kumi "kijana wangu wa kazi," nafasi ya umeneja ikija anatafutwa mtu wa nje.

#11 mwana_tanga

Hapo sina la kukujibu dada. Lakini weka na hili: baada ya sakata kamishna Peter Ueberroth alimuajiri Harry Edwards, yule mwanasosholojia aliyewapanga wanariadha weusi kuelekea Olimpiki ya Mexico 1968, asaidie kuingiza weusi kwenye uongozi wa besiboli. Edwards akamuomba nani amsaidie? Campanis. Alisema anahitaji mtu anayezijua zile ofisi zinavyofikiri. Hiyo ni akili ya kiutu uzima.

#12 Mgeni Houston

Na Atlanta wapewe haki yao. Mwaka 1976 Braves walimpa Bill Lucas kazi zote za meneja mkuu, mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo kwenye ligi kuu. Lucas alikuwa shemeji wa Aaron, dada yake ndiye mke wa kwanza wa Hank. Akafariki 1979 akiwa bado kazini. Campanis anasema 1987 kwamba weusi hawana sifa za meneja mkuu, wakati alishakaa kwenye vikao na Lucas miaka mitatu!

#13 Babu Ndevu

Sasa niwachokoze. Si Barry Bonds ana 762? Mbona uzi mzima Aaron Aaron, wakati rekodi si yake tena?

#14 Rungu la Mkwaju

Babu, nilijua utakuja. Ndiyo, Bonds alimpita 7 Agosti 2007, na Aaron akatokea kwenye skrini ya uwanja kwa video akimpongeza kistaarabu. Kitabu kinasema 762, wengine wanasema kitabu kina dawa za kuongeza nguvu ndani yake, na ugomvi huo siuingilii. Ninachokijua ni hiki: Aaron hakuwahi kufikisha hom rani 50 katika msimu, mwaka wake mzuri kabisa ni 47. Alifika 755 kwa kuja kazini kila siku miaka 23. Chukua mipira yake salama yote 3,771 (mpira salama ni ule unaouchapa ukafika besi bila kutolewa), ondoa hom rani zote 755, bado anabaki na zaidi ya 3,000, idadi ambayo wachezaji wengi waliomo kwenye jumba la heshima hawajaifikia. Aliyeleta pointi nyingi kuliko wote kwa gongo lake bado ni yeye, 2,297. Hiyo Bonds hakuigusa.

#15 Mtaa wa Pili Nairobi

Mbali na story ya rangi, hiyo tarehe iko na kitu ingine?

#16 Rungu la Mkwaju

Ipo, nazipitia mbio mbio maana hizi hazinikoseshi usingizi.

1963 Pete Rose alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu, Cincinnati. Yule wa mipira salama 4,256 aliyekuja kufungiwa kwa kamari.

1969 timu nne mpya zilianza siku moja, Montreal, San Diego, Kansas City na Seattle, na zote nne zikashinda. Montreal Expos ndiyo timu ya kwanza ya ligi kuu nje ya Marekani, wakawafunga Mets 11-10 kwao New York.

1994 ni tamu kidogo. Kent Mercker wa Atlanta aliwarushia Dodgers mechi nzima bila kuruhusu mpira salama hata mmoja, 6-0. Kwenye mechi hiyo hiyo Dodgers wakamuingiza kijana Chan Ho Park, Mkorea Kusini wa kwanza kucheza ligi kuu. Kabla ya kurusha aliinama kumheshimu mwamuzi, kama wafanyavyo kwao, uwanja ukashangaa. Akaruhusu pointi mbili. Lakini alimaliza maisha yake ya soka la gongo na ushindi 124, mrushaji kutoka Asia hajampita mpaka sasa.

Na 2024, siku ya jua kupatwa, Cleveland ilikuwa kwenye njia ya giza kamili. Mechi ya ufunguzi nyumbani wakaisogeza hadi saa kumi na moja jioni, wakafungua mageti mapema watu waangalie jua wakiwa viti vyao.

#17 Kipusa77

"Soka la gongo" 😂😂 mkuu umeamua.

Waafrika je? Wa huku kwetu kabisa.

#18 Muzukulu

Kwa hilo acha mimi wa Kampala niseme. Wa kwanza kufika ligi kuu ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Aprili 2017 na Pittsburgh. Siyo tarehe 8, ni 26.

Sisi Uganda watoto wetu walifuzu fainali za dunia za Little League (besiboli ya watoto) 2011, wakanyimwa viza. Iliuma. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ikafuzu tena, safari hii wakaenda Pennsylvania, timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale. Halafu 2022 vijana wetu wawili, Umar Male na Ben Serunkuma, wakasajiliwa. Na klabu gani? Dodgers. Naona hao jamaa wako kila sehemu kwenye uzi huu.

#19 Mgeni Houston

Niliahidi kurudi kwa Dusty. Fainali ile ya 2022 aliyoshinda ilikuwa ya kwanza tangu 1950 ambayo hakuna timu iliyokuwa na mchezaji mweusi mzaliwa wa Marekani kwenye kikosi. Aliulizwa, akasema ni aibu kwa mchezo. Yaani meneja mweusi wamempata, wachezaji ndio wamepotea. Walatino weusi wapo wengi, lakini watoto weusi wa Marekani wamehamia kikapu na futiboli yao. Kucheza besiboli ya watoto huku ni pesa: makocha wa kulipia, safari za kila wikiendi. Mzazi wa kawaida haiwezi.

#20 Babu Ndevu

Mleta uzi, malizia na Frank. Huyo meneja wa kwanza alifanikiwa au walimpa timu mbovu aanguke?

#21 Rungu la Mkwaju

Babu umegusa penyewe. Cleveland walimfukuza Juni 1977. San Francisco wakamchukua 1981, wakamfukuza 1984. Kisha Aprili 1988, mwaka mmoja baada ya Campanis, Baltimore wanaanza msimu kwa kupoteza mechi sita mfululizo, wanamtimua meneja wao, wanamkabidhi Frank. Akapoteza 15 nyingine. Jumla 21 bila ushindi, rekodi mbaya ya kuanza msimu kwenye American League. Wakamaliza na ushindi 54, vipigo 107.

Hawakumfukuza. Mwaka 1989, karibu na vijana wale wale, akashinda 87 na kuchukua tuzo ya meneja bora wa ligi. Ubingwa wa kundi ulikuja kuamuliwa wikiendi ya mwisho, Baltimore wakasafiri kwenda Toronto kucheza na timu waliyokuwa wanafukuzana nayo tangu Agosti, wakapoteza. Meneja wa Toronto alikuwa Cito Gaston. Naye mweusi.